Kitufe cha "Nimemaliza"

Mwaka 2018 Elon Musk alikiri hadharani kwamba Tesla ilikosea kuingiza mashine kupita kiasi, na kwamba binadamu hathaminiwi inavyostahili. Moja ya yaliyomfikisha hapo ni roboti iliyopewa kazi ya kuokota mikeka laini ya nyuzi za kioo na kuilaza juu ya betri za Model 3. Wenzake wananyanyua bodi zima la gari; yeye akashindwa na kitu chepesi mithili ya pamba. Binadamu akaitwa, akaokota.

Basi binadamu amebaki, na programu ya uzalishaji lazima imhesabu pamoja na mashine. Mashine haina taabu: kila mzunguko ukiisha, kihisi hutuma taarifa chenyewe. Fundi hana waya popote mwilini (bado), kwa hiyo amewekewa skrini yenye kitufe cha "Nimemaliza". Aliyeibuni, nadhani, hajawahi kushika grisi. Glavu hazielewani na kioo, na kuvua glavu kwa kila gia ni kujitafutia kuchelewa. Fundi wa watu anafunga gia zake kimya kimya asubuhi nzima, kisha saa ya chai anabonyeza mara ishirini mfululizo.

Kompyuta haina tabia ya kushuku. Inaandika: gia ishirini, sekunde tisa.

Ofisini grafu imepaa hadi dari. Kikao kimekaa, kimeazimia: fundi apongezwe, na mashine, maadamu ndiyo inayomchelewesha, iongezwe kasi.