Jinsi ya Kupata Punda Mmoja kwa Miaka Mitano

Mwongozo huu ni wa mkulima wa Mpitimbi, mkoani Ruvuma, ambaye mahindi yake yako shambani, barabara iko mbali, na mbebaji wa kila msimu ni kichwa cha mke wake. Umeamua sasa mzigo ubebwe na mwenye miguu minne. Uamuzi mzuri. Soma hatua zote kabla hujatoa pesa mfukoni.

Hatua ya 1: Msahau farasi

Kila kijana aliyeona filamu anataka farasi. Farasi hatakubishia, atakufa tu. Misitu ya miombo ya Ruvuma ina mbung'o, na mbung'o hueneza ndorobo, ugonjwa unaommaliza farasi upesi. Akinusurika hapo, visubi wa majira ya mvua watamletea ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua wengi wa wanaoupata. Wafugaji wa farasi wa mbio nchini Kenya hawakupanda nyanda za juu kwa kupenda baridi.

Punda milia naye mwache porini. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Bronsart von Schellendorff alikamata punda milia karibu na Kilimanjaro akitaka kupata mnyama wa kazi asiyetishwa na mbung'o. Punda milia anavumilia ndorobo kweli, ila havumilii hatamu.

Amebaki punda. Ndorobo humpata pia, lakini ana ustahimilivu kuliko farasi. Mwone afisa mifugo wa kata mpange kinga kabla mnyama hajafika nyumbani.

Hatua ya 2: Mchumbie jike kwa macho makavu

Mnadani watakuonyesha punda wa bei ya chee. Mzunguke. Tazama mgongo: jike mwenye vidonda vya kamba amefanyishwa kazi bila matandiko, na mwili wake una deni la kulipa kabla ya kulea mimba. Tazama kwato, maana zilizopinda hazibebi mtoto na mzigo pamoja. Mfungue mdomo, meno yataje umri ambao muuzaji amesahau. Jike huweza kushika mimba akiwa mdogo, lakini msubiri afike miaka 3 mifupa ikomae. Ukimpandisha mapema utakuwa na watoto wawili wa kulisha, mmoja akiwa tumboni mwa mwenzake.

Hatua ya 3: Dume mmoja anatosha kijiji

Usinunue dume kwa sababu jirani ana dume. Dume mmoja mwenye afya huhudumia majike wengi, kwa hiyo shirikianeni: mchagueni mpole, mwenye miguu iliyonyooka, ambaye si kaka wala baba wa majike wenu. Baada ya miaka michache mbadilisheni na wa kijiji kingine, la sivyo mabinti watapandwa na baba zao na kizazi kitazidi kudhoofika. Madume waliobaki wahasiwe na mtaalamu, kwa ganzi. Dume asiyehasiwa hupigana, huuma, na huweza kumuua mtoto wa punda mwenzake.

Hatua ya 4: Waache wachumbiane

Jike akiingia joto atakuambia waziwazi. Hunyoosha shingo, hulaza masikio nyuma, na hufungua na kufunga mdomo kama anayetafuna maneno. Hali hiyo hudumu karibu wiki moja, kisha hurudi baada ya wiki 3 hivi ikiwa hajashika mimba. Andika tarehe kwenye daftari, kwa kuwa kichwa chenye hesabu za mbolea ya ruzuku hakina nafasi ya siku za punda.

Siku ya kupandisha, wafukuze watoto wanaochungulia na ukae kando. Dume wa punda hana haraka. Atakaribia, ataondoka, atasimama mbali kana kwamba amekumbuka shughuli nyingine, kisha atarudi. Anayempiga fimbo ili amalize upesi anaharibu kazi ya siku nzima.

Hatua ya 5: Hesabu miezi 12

Mimba ya punda huchukua takriban mwaka mzima. Kwa hiyo ukimpandisha Desemba au Januari, mtoto atazaliwa mvua za mwaka unaofuata zikiwa zimeshika, majani yakiwa laini na maziwa ya mama yakiwa mengi. Jenga banda lenye paa zima, kwani manyoya ya punda hayazuii maji na akilowa hupatwa na baridi.

Kazi nyepesi anaweza kuendelea nayo mwanzoni. Miezi 3 ya mwisho, mzigo ushuke, hata kama ni siku za kupeleka mahindi kwa NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula. Mabua makavu peke yake hayamtoshi. Mwongezee majani mabichi, maji safi na jiwe la chumvi. Lakini usimnenepeshe kwa pumba ukidhani unampenda: punda mnene akipata mshtuko akaacha kula, mafuta humjaa kwenye damu na huweza kumuua.

Hatua ya 6: Usiku wa 1, 2, 3

Punda wengi huzaa usiku. Saa 1 baada ya kuzaliwa, mtoto awe amesimama. Ndani ya saa 2 awe amenyonya. Ndani ya saa 3 kondo la nyuma liwe limetoka. Kimojawapo kikichelewa, mpigie afisa mifugo palepale. Usivute kondo kwa mkono. Na dang'a isimwagwe hata tone, kwa sababu mtoto wa punda huzaliwa bila kinga na huipata kwenye maziwa hayo ya kwanza.

Siku chache baadaye mama huingia joto tena. Mwache apumzike.

Hatua ya 7: Mlinde na wanunuzi wa ngozi

Mtoto ataachishwa kunyonya akiwa na miezi 6 hivi, na mzigo wa kweli asubiri hadi miaka 3 au 4. Jumlisha na mwaka wa mimba: punda unayempanga leo atafika shambani baada ya miaka 4 hadi 5. Mnunuzi wa ngozi humaliza kazi yake jioni moja. Kati ya 2016 na 2018 machinjio ya Kenya yalichinja zaidi ya punda 300,000, ngozi zikaenda China kutengenezwa dawa ya asili iitwayo ejiao, na vijiji vikaamka mazizi yako tupu. Hakuna jike duniani anayeweza kuzaa kwa kasi hiyo. Februari 2024, mjini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipitisha katazo la miaka 15 la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Katazo la Addis Ababa halilali zizini kwako, kwa hiyo usiku funga mlango.

Na ukisikia mtu akisema shukrani ya punda ni mateke, muulize alimbebesha magunia mangapi, na alimpumzisha lini. Punda wa Mpitimbi ataongezeka pale mwenye jike atakapokubali kupoteza msimu mmoja wa mizigo. Anayeona msimu huo ni mrefu, akodi bodaboda, na gunia moja apunguze kwenye kichwa cha mke wake alibebe mwenyewe.