Sifa za Kufulia

Watu husifu vinavyong'aa. Mimi leo namsifu Kufulia, yaani kuishiwa hela, yule anayehamia mfukoni mwa mwanachuo bila mkataba wala kodi. Nimekulia Matombo, nikasomea Morogoro mjini, na kati ya wote walionifundisha hakuna aliyehudhuria bila kukosa kama yeye.

Nasaba yake si ya kubeza. Babu yake ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Baba yake ni Bumu, ile hela ya kujikimu itokayo kwa Bodi, na mama yake Chipsi Mayai. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Bumu huhesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, badala ya 8,500 za zamani. Ila haji siku kwa siku. Huja kwa mkupuo wa siku 60, yaani shilingi 600,000 kwa mpigo, na mtoto wa mkulima wa ndizi ambaye hajawahi kushika hata robo ya hizo hujiona mwekezaji. "Kuleni, leo nalipa mimi!" Viatu, bando la mwezi, simu ya kioo kikubwa. Ikifika wiki ya tatu zimebaki siku tu, shilingi zimetangulia.

Hapo ndipo Kufulia anapoingia na chaki yake. Somo la uhasibu linalomchukua mhadhiri muhula mzima, yeye hulimaliza jioni moja. Mtazame mwanafunzi wake: amemwaga sarafu juu ya godoro, za mia mbili huku, za mia kule, anahesabu, kisha anahesabu tena, huenda zimezaana. Anajua bei ya kipande cha sabuni ya mche, ya mafuta ya kupima, na ya fungu la dagaa kwa kila meza sokoni. Wiki mbili zilizopita alikuwa haulizi hata chenji.

Ni kocha pia. Ndiye aliyebuni pasi ndefu: chai inarukwa, mchana unarukwa, mpira unatua kwenye ugali wa usiku. Ni mlinzi vilevile. Ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii," humkuta aliyefulia ametulia tuli. Atume nini?

Tena ni mjenzi wa ukoo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mzinga wa kwanza, yaani ombi la hela, hupigwa kwa mjomba. Mwenye bumu hana habari kwamba mjomba anaumwa mgongo. Aliyefulia anajua mpaka jina la dawa. "Shikamoo mjomba, mvua zinanyesha huko? Na shangazi? Na mbuzi?" Mbuzi wakishajuliwa hali, ndipo shida inatajwa, na ya kutolea juu. Mjomba, mtu mzima, hatumi hata senti. Anatuma kiroba cha ndizi na magimbi kwa basi, kimeshonwa kwa kamba ya katani, namba ya simu imeandikwa ubavuni kwa wino mzito. Nauli ya mzigo hulipwa na mpokeaji.

Wapo maadui wanaotaka kumfukuza. Wanasema bumu likiingia, siku hiyohiyo ligawe kwa wiki, za wiki hii ziache kwenye simu, nyingine zifungie mahali pasipofikika kwa vidole viwili usiku wa manane. Ushauri huo ni hatari. Ukifuatwa, Mangi mwenye duka atamuuzia nani kwa daftari la mkopo, na mjomba atajuaje kama anapendwa?

Zaidi ya yote, Kufulia hasaliti. Mahafali yakiisha marafiki hutawanyika, yeye hubaki. Siku utakapoajiriwa Bodi itaanza kukata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka deni la Bumu liishe, naye atakuwa pembeni yako kila mwisho wa mwezi, akikusaidia kuhesabu kilichobaki.