Daktari Asiyenijua

Ukishika mimba Kibokoni, kichefuchefu si kitu. Kazi ni kutafuta daktari. Mimi masharti yangu yalikuwa mawili tu: awe mwanamke, na asiwe mtu anijuaye. La kwanza kila mtu alilielewa. La pili ndilo lililozua mambo.

Mavyaa hakuona haja ya daktari hata. Watoto wake wote kawazaa Lady Grigg, wodi ya wazazi ya Makadara iliyopewa jina la mke wa Gavana Grigg, na mkunga ndiye aliyempokea.

"Daktari wa nini? Kwani wewe wagonjwa?"

Nikamweleza kwamba tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lasema mja mzito aonwe si chini ya mara nane.

"Mara nane! Wamwangalia au wamdai?"

Wifi yeye alikuwa na orodha kichwani. Fulani ana mkono mwepesi, ila apenda kisu. Fulani hapendi kisu, ila ulimi wake wenyewe wembe. Wa tatu ni hodari kupita wote, lakini mwanamume, tena alisoma chuoni na mume wangu. Nikamwambia kwamba tangu 1985 wataalamu walisema upasuaji wa uzazi hauna sababu ya kupita asilimia 10 hadi 15.

"Basi huyo wa kwanza," akasema wifi, "yuwafanya za Mombasa nzima peke yake."

Kimyakimya nikaingia kwenye tovuti ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari, nikachagua bibie mwenye leseni hai na jina la ukoo nisilolijua. Kliniki yake iko Nyali. Siku ya miadi nikavaa buibui na ninja juu, nikaita tuktuk, nikavuka daraja kama mtoro.

Sijakaa vizuri kwenye benchi, mama mmoja akainama kuniangalia miguuni. Ndara zangu za shanga, ushanga mmoja umeng'oka.

"Hizi si zilikuwa arusini Jumamosi? Mavyaa wako hajambo?"

Ndani kukawa kubaya zaidi. Daktari kanipaka ile dawa ya baridi tumboni, huku macho yake yako kwenye kadi yangu, akasoma jina la mume wangu. Akacheka.

"Kumbe wewe ni mkaza mwana wa kwetu! Mamangu na mavyaa wako walicheza lelemama chama kimoja."

Nikaona siri imezama. Basi nikamuuliza bila haya: wewe na kisu, vipi? Akaweka kifaa chini, akachukua karatasi, akanichorea mlango wa uzazi, namna mtoto anavyolala, na lini hasa hulazimika kupasua.

"Na nikikupasua bila sababu," akamalizia, "mamangu atajua kabla nyuzi hazijatoka."

Nikatulia. Baraza laweza kumfungia leseni. Mamake aweza kumfungia jikoni. Nikaomba tarehe ya pili papo hapo.