Mheshimiwa, Nakupisha Utangulie

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Hazina ya Taifa,
Nairobi.

KUH: OMBI DOGO LA MWENYE MKWECHE WA DIANI

Mheshimiwa,

Kabla ya kushika kalamu nimenawa mikono mara mbili, maana ilikuwa na grisi, na karatasi ya kufika mezani kwako haifai kunuka dizeli. Uniwie radhi kwa kukupotezea wakati. Wewe una hesabu za nchi nzima. Mimi nina pikapu moja, na hata hiyo asubuhi haiwaki mpaka isukumwe.

Ni mkweche, sikufichi. Niliununua ukiwa umeshazeeka, na leo umewazidi umri watoto wangu wote. Hubeba nazi na madafu kutoka Msambweni hadi Ukunda, na siku za bahati hadi kwenye hoteli za Diani. Nikikanyaga mafuta, wa nyuma haoni njia. Watoto wa shule hufunika pua kwa kola za sare zao. Mimi huwatazama kwenye kioo nikaona haya, kwani wawili kati yao ni wangu. Mchuma janga hula na wa kwao. Basi sikuja kulia kwamba moshi wangu usitozwe. Utoze, Mheshimiwa. Nimekuja kuuliza tu, kwa adabu zote, utaupima kwa kipimo gani.

Nauliza kwa sababu Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa magari ambao mimi, kwa uchache wa elimu yangu, niliusoma nikasahau chai ikapoa. Kila mwenye gari angelipa asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake kila akikata bima, lakini isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Nikachukua mkaa nikapiga hesabu ukutani. Mkweche wangu, mnunuzi akiwa na huruma, ni shilingi 100,000. Asilimia 2.5 ni 2,500, lakini sakafu ni 5,000, kwa hiyo ningelipa asilimia 5. Mwenye gari la milioni 20 angefika kwenye dari la 100,000, nayo ni nusu ya asilimia moja. Kwa kila shilingi ya thamani, mimi ningelipa mara 10 kumzidi yeye. Nilirudia hesabu, nikidhani mkaa ndio uliokosea.

Kulikuwa pia na orodha ya waliosamehewa. Ambulensi, sawa, Mungu azilinde. Lakini humo mlikuwa pia na magari ya serikali ya kitaifa na ya serikali za kaunti. Nilifarijika sana kujua kwamba kuna moshi usiohitaji kulipiwa. Juzi nilipeleka madafu katika hoteli moja iliyokuwa na semina ya wakubwa. Nje palikuwa na magari 14 yamepangwa kivulini, makubwa, yanang'aa, injini zikinguruma na madereva ndani wakipigwa na ubaridi. Nilishusha madafu, nikahesabu, nikalipwa, nikanywa maji, nikaondoka. Injini hazikuwa zimezimwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mkweche wangu haukuwa peke yake kwenye dhambi.

Ushuru ule uliondolewa mwezi wa Juni mwaka huohuo wa 2024, na siku chache baadaye, vijana walipojaa barabarani, mswada wote ukarudishwa. Hata hivyo wazee wa baraza letu la Ukunda wanasema kodi haifi, hubadilisha nguo. Wanasema ikirudi itakuja na kanzu ya kijani, ikihubiri hewa safi. Ikija hivyo nitaipokea kwa takbiri, mradi chini ya kanzu isiwe na sakafu ileile na dari lilelile.

Wazo lenyewe si baya. Jirani zetu wa Tanzania, hapa ng'ambo ya Lunga Lunga, hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka 8, lakini hulitoza linapoingia nchini, kabla maskini hajalifanya mguu wake. London, tangu 2019, gari lisilofikia kiwango cha usafi wa moshi hulipa pauni 12.50 kwa siku, na Agosti 2023 utaratibu huo ukaenea jiji zima. Walilalama mno, wengine wakakata nyaya za kamera. Lakini kule huulizwa gari linatoa nini, haliulizwi linauzwa kwa bei gani. Mwenye gari kuukuu aliweza kupewa hadi pauni 2,000 akalivunje, na akishalivunja kuna treni. Mimi nikiuvunja wangu, nazi zitapanda bodaboda.

Nawe, Mheshimiwa, sikusifu kwa kukupaka mafuta: serikali yetu inajua kusafisha hewa ikitaka. Petroli ilitolewa risasi. Mwaka 2015 dizeli ikapunguzwa salfa hadi sehemu 50 katika milioni. Siku ile mkweche wangu ulikunywa mafuta safi zaidi, sawa na gari la mkubwa yeyote, na hakuna aliyetozwa kwa sababu ya kuzaliwa na gari bovu.

Kwa hiyo naomba machache, nikiwa nimevua kofia. Moshi upimwe kwenye ekzosi, si kwenye bei. Dari liondolewe, au likibaki, basi sakafu nayo iondoke. Wasamehewe wagonjwa, si wakubwa. Na sehemu ya fedha irudi huku: inisaidie kubadilisha injini, au ituletee basi zuri la Likoni hadi Lunga Lunga, ili mwenye mkweche apate pa kukimbilia.

Nikipewa hayo, siku ya kwanza ya kupima nitafika alfajiri, mkweche umeoshwa, shilingi 5,000 zimo kwenye bahasha. Lakini sitakuwa wa kwanza, Mheshimiwa, sina adabu mbaya kiasi hicho. Sisi wa pwani ya kusini tumelelewa na feri ya Likoni. Msafara wa wakubwa ukitokea, hata kama umepanga foleni tangu usiku, unasogea pembeni na kuupisha upande mwanzo.

Siku hiyo pia nitasogea. Karibu, gari lako litangulie kwenye kipimo.

Wako mtiifu, nyuma yako kwenye foleni,

Mwenye Mkweche,
Diani, Kwale.