Mjomba Namba Moja

Nyumbani kwangu Kichangani hakuna anayesubiri zamu. Jumamosi nimekaa na kidude changu cha kujazia tangi, naandika programu, mara: "Baba Hadija, gesi imeisha!" Nikainuka. Kabla sijafika jikoni, mama wa mboga yuko mlangoni na karoti za Mgeta, anataka chenji. Nikarudi mezani naikodolea skrini macho. Hivi niliishia wapi?

Kidude hakina ugonjwa huo. Ndani yake mna chipu ya ATmega328P, ileile ya Arduino Uno. Ishara ikiikatiza, inamaliza amri iliyo mkononi, inaweka alama ya pa kurudia, inahudumia, inarudi palepale. Na foleni yake haina ubishi: nafasi 26, mbili zikigonga pamoja, yenye namba ndogo hutangulia. Reset ndiyo ya 1. Kitufe changu nilikipa ya 2, boya la tangi ya 3. Ila ikishaanza kumhudumia mmoja hufunga mlango, mkubwa na mdogo wote wasubiri nje, isipokuwa Reset. (Wenzao wa ARM Cortex-M humruhusu mkubwa amkatize mdogo. Kama kwetu.)

Sasa mimi na karoti zangu kichwani, nikaandika ndani ya huduma ya kitufe: washa pampu, ngoja sekunde 5, zima. Nikabonyeza. Pampu ikawaka, ikanogewa. Tangi likafurika, boya likainuka kulalamika, nani amsikilize? Kumbe huko kungoja kunategemea saa ya ndani, na saa nayo hupiga kwa kukatiza, nafasi ya 17. Yaani nimemfungia mlango yule yule ninayemngoja aingie! Maji yanateremka kwa jirani, alikoanika mahindi. Nami naitafuta waya ya kuchomoa, siioni.

Ndipo akaingia mjomba kutoka Matombo, bila hodi. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama, kwa hiyo mjomba haambiwi ngoja. Akainama juu ya kidude.

"Na haka kekundu ka nini, mpwa wangu?"

Akakabonyeza. Reset. Pampu kimya.

Akavuta kiti, akanyoosha miguu, akauliza chai iko wapi. Shikamoo yenyewe sijaitoa, na gesi, nikakumbuka, imeisha tangu asubuhi.