Namna ya Kufungua Friji ya Watu

Kwanza, mdogo wangu, nunua kanga, na usome jina lake kabla hujalipa. Mama mwenyeji wako atataka kujua maandishi yale yanasema nini. Fikiria umebeba mpasho wa jirani mwenye husuda kutoka Tanga mpaka Ohio, halafu unaombwa kuutafsiri mezani huku bibi wa nyumba ametega sikio. Chukua kanga ya shukrani.

Mpango wa kubadilishana wanafunzi uliokuchagua, YES, ulianzishwa na Serikali ya Marekani mwaka 2002, na leo unabeba majina ya maseneta Kennedy na Lugar. Mwaka mzima wa shule utalelewa na watu wasiolipwa kwa kazi hiyo. Kumbuka hilo siku zamu ya vyombo itakapokuudhi.

Sasa friji. Jioni ya kwanza utaulizwa kama una njaa. Kwa kuwa umelelewa vizuri, utasema umeshiba, ukingoja kushikwa mkono na kuketishwa kwa nguvu kama anavyofanya shangazi. Hakuna atakayekushika. Watakuamini! Chakula kitafunikwa, taa itazimwa, na wewe utalala ukisikiliza tumbo. Nawajua vijana wenye adabu nzuri sana waliolala hivyo zaidi ya usiku mmoja, na bado nawaonea huruma. Kwa hiyo mama akikwambia, "Fungua tu, chukua unachotaka," fungua. Mkono utasita, maana kwetu friji ya watu haiguswi. Fungua hivyo hivyo. Na kama huli nguruwe, sema siku hiyo hiyo, utaje mpaka maharage ya kopo. Mara nyingine nyama hiyo imo humo, na wenyeji wenyewe hushtuka wakisoma lebo.

Mama mwenyeji atakwambia pia umwite kwa jina lake. Ulimi ukikataa, mwombe umwite Mama.

Asubuhi moja utasikia leo ni nyuzi 32. Usiache sweta. Wao hupima kwa Farenhaiti, na kwenye 32 yao maji huganda.

Nyumbani piga simu saa nne usiku ya Ohio. Tanga itakuwa saa kumi na moja alfajiri, mama ameamkia swala. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zao hurudishwa nyuma, na pengo la saa saba linakuwa nane. Huo ndio mwezi wa kuuogopa. Giza linaingia mapema, wenzako waliokuzunguka Septemba wameshakuzoea, na chumba chako kinaanza kukuita. Kwetu mtoto akinyamaza siku mbili, nyumba nzima inahangaika na shangazi anaitwa. Kule mlango uliofungwa unaheshimiwa. Watakupenda wakiwa upande wa pili, wakiamini unahitaji kupumzika, nawe utaamini wamekuchoka. Nakusihi utoke. Kaa jikoni, useme, "Nimekumbuka nyumbani." Maneno mawili tu, lakini bila hayo hakuna atakayejua.

Mwezi huo huo huwa na Wiki ya Elimu ya Kimataifa, na utaombwa kueleza habari za kwenu. Mtu atauliza kama mnaishi na simba. Usimkaripie, hajapata wa kumwambia. Mweleze bandari, mkonge na daladala ya asubuhi, kisha mwalike nyumbani mkapike chapati. Mpe yeye msukumio. Chapati yake ya kwanza itatoka na umbo la ramani, na ataila akisifu, na hapo mtaanza kuzungumza kama watu wa nyumba moja.

Mwaka wa shule ukiisha utarudi. Utaingia jikoni kwa mama, ufungue friji bila kuomba ruhusa, uchukue embe. Mama atasimama mlangoni akikutazama, kisha atakuuliza kama una njaa. Sema umeshiba, ili akushike mkono.