Mhasibu Kaokoka

Siku hizi ukimuuliza mhasibu wa miaka 40 mbona haonekani kijiweni, atakujibu "nasoma Python" kwa sauti ya mtu aliyeokoka juzi. Hongera zake. Tangazo la kozi lilimwahidi utaalamu ndani ya miezi mitatu. Halikumwambia kwamba lugha hiyo ya kompyuta, iliyotoka mwaka 1991, ina gubu kuliko mkaguzi wa hesabu: nafasi moja ikizidi mwanzoni mwa mstari, programu nzima inagoma. Akihitimu, atakuta kazi ya "wanaoanza" inadai uzoefu wa miaka mitano. Nyumbani lakini keshapandishwa cheo: shangazi kamletea simu iliyopasuka kioo, na anaitaka kabla ya magharibi. Ndugu mhasibu, barua ya kuacha kazi usiipeleke kwanza.